Bibi Hachaji

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, na taa nyekundu ya Bibi imewaka.

Bibi ni gari la Baba. Limenizidi umri, nami si mtoto tena. Lina pua ndefu, viti vya ngozi vilivyopasuka kama midomo ya kipupwe, na badala ya alteneta lina dainamo, kile chombo cha zamani cha kuzalisha umeme ambacho mafundi wengi wa siku hizi wamekisikia tu. Taa ile ikiwaka huku injini inanguruma, maana yake betri haipati chaji, gari linakula akiba yake. Halitazimika papo hapo. Litazimika pale ambapo hutaki lizimike.

Baba alilileta hapa gereji mwenyewe. Gereji ni yake, aliijenga kabla sijazaliwa, na tangu alipostaafu ninaiendesha mimi. Nikachukua mita, nikafungua boneti kama kawaida. Akanishika bega, akanisogeza kando kama mtu anayesogeza pazia, akatoa simu, akampigia kinyozi.

Kinyozi ni mume wa mdogo wangu. Tumempata mwaka jana. Kazi anayoijua ni mashine ya kunyolea na mikasi.

"Mwanangu," Baba alimwambia, "ukifunga kazi pitia huku. Bibi anaumwa."

Mwanangu. Nilirudi chini ya pikapu ya mteja, nikakaza nati moja mpaka ikakatika.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Pikapu imeondoka. Kinyozi hakuja, alikuwa na wateja. Baba alikaa kwenye kiti chake kumsubiri hadi jioni, na mimi nipo hapa hapa, mikono mitupu.

Jumamosi, 9 Machi

Amekuja, amevaa shati jeupe. Nani huja gereji na shati jeupe?

Nilikuwa chini ya gari la jirani, kwa hiyo niliwaona miguu tu na kusikia kila neno. Baba alimfundisha kila kitu tangu mwanzo. Akamwambia abonyeze mkanda wa feni kwa kidole gumba, kama umelegea dainamo haizunguki sawasawa. Haukuwa umelegea. Akamwambia apime betri, injini ikiwa imezimwa, kisha inanguruma. Namba ikabaki ile ile, na hapo ndipo unapojua kwamba hakuna kinachoingia.

"Kwa hiyo, mzee," kinyozi akauliza, "dainamo ndiyo inayopika, na betri ni kabati la kuwekea tu?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilipouliza swali kama hilo, nikiwa na umri wa kukalia betri kama kigoda, aliniambia nitumie akili. Alinifundisha, ndiyo. Umeme wote ninaoujua ni wake. Lakini alinifundisha kwa kunyamaza. Nikikosea alinyamaza, nikipatia alikwenda kwenye gari lingine, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimepatia. Sikujua kama anaweza kucheka akiwa ameshika bisibisi.

Mchana, tulipokaa kula, nilisema kwamba yale ni makaa. Ndani ya dainamo mna vipande viwili vya kaboni vinavyogusa sehemu inayozunguka na kuchukua umeme, navyo huisha. Nilikuwa nimeusikia mlio wake tangu Jumatatu.

"Mwache afike mwenyewe," Baba akasema.

Afike wapi? Ana safari gani na gari letu?

Jumapili, 10 Machi

Nimejaribu kukumbuka kama Baba amewahi kuniita "mwanangu". Huniita kwa mluzi.

Alhamisi, 14 Machi

Wamefika. Ni makaa. Kinyozi alizifungua nyaya mbili za dainamo, akaunganisha vichwa vyake kwa kipande cha waya, akapima huku Baba akikanyaga mafuta, mita isipande hata kidogo. Wakaitoa dainamo, wakaifungua mezani, na makaa yalikuwa yamebaki kama kucha.

Makaa mapya nimetumwa mimi dukani. Mimi, ninayeiendesha gereji, nimetumwa kama mtoto wa kutumwa, na nimekwenda kwenye mvua, na nimerudi, na Baba ameyapokea akampa yeye ayafunge.

Jumamosi, 16 Machi

Taa imezimika. Baba na kinyozi wamezunguka mtaa mzima na Bibi, madirisha wazi, mikono nje. Mimi nilibaki na mteja anayelalamikia honi.

Mama alikuwa mlangoni pa gereji waliporudi. Kwa miaka yote humwita Bibi "mke mwenzangu", na leo aliniambia kwamba sasa mke mwenzake amepata mlinzi kijana, mimi na yeye tutafute la kufanya. Nikacheka naye. Baadaye nilipokuwa naosha mikono, sabuni ilinitoka mara tatu.

Jumanne, 19 Machi

Taa imewaka tena. Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 24 Machi

Sasa ni kisanduku. Kwenye magari haya kuna kisanduku cheusi kilichofungwa ukutani nyuma ya injini. Ndicho kinachoamua dainamo itie kiasi gani kwenye betri, na injini ikizimika kinakata, umeme usirudi nyuma. Ndani mna vidude vidogo vinavyogusana na kuachana, navyo vikishika kutu basi tena. Chini yake kuna skrubu zimepangwa mstari, kila moja na waya wake.

Safari hii Baba alifanya mwenyewe. Alizifungua nyaya, akakitoa kisanduku, akasugua vidude kwa msasa laini, akarudisha kila kitu. Kinyozi alishika tochi. Baba alimsimulia namna alivyolinunua gari hili kwa mtu aliyekuwa analifugia kuku. Sijawahi kusikia habari ya kuku.

Baba alipokwenda kunawa, nilimwona kinyozi kupitia dirisha la ofisi. Alitazama mlangoni kwanza, kama mwizi. Kisha akainama, akatoa bisibisi mfukoni, akachezea skrubu za kisanduku. Aligeuza hii, akageuza ile, akafunga boneti haraka. Yaani mtu hata mwezi mmoja hana katika kazi, tayari anamsahihisha Baba nyuma ya mgongo wake. Nilitaka kutoka nimwumbue. Nikajizuia. Nikasema moyoni: acha aharibu. Kadiri atakavyoharibu ndivyo Baba atakavyomjua.

Jumatano, 27 Machi

Bibi anachaji vizuri. Sielewi.

Jumamosi, 30 Machi

Leo asubuhi Baba alifungua tena kisanduku, "kukaza tu". Mchana taa ikawaka. Jioni kinyozi akapita, akainama kidogo peke yake, ikazimika. Baba akampiga kofi la mgongoni na kusema mkono wake una baraka.

Mkono wake. Mimi mikono yangu imepasuka kwa tindikali ya betri za watu tangu nikiwa binti, na hakuna aliyewahi kuitafutia baraka.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua siku nzima. Nilimwomba Baba aniachie Bibi siku moja. Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba tatizo linalokuja na kuondoka linataka mtu mmoja alifuate tangu mwanzo hadi mwisho, si watu wawili wanaopokezana.

"Wewe una magari ya watu," akasema. "Hili tuachie sisi."

Sisi. Nililiweka neno hilo chini ya ulimi kama kidonge kichungu, na mpaka sasa halijayeyuka.

Jumapili, 7 Aprili

Mdogo wangu amekuja kula. Tumbo limeshuka, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo. Siku zake zimekaribia. Baba amesema mbele ya wote kwamba saa ikifika atampeleka hospitali yeye mwenyewe, na Bibi. Mimi na mdogo wangu tulipozaliwa, Mama alipelekwa na Bibi, na mjukuu naye atapelekwa na Bibi. Nikasema lile gari haliaminiki wakati huu, mimi nina langu, lina alteneta na lina afya. Baba akaendelea kutafuna kana kwamba ni redio iliyosema.

Kinyozi ndiye aliyeng'ang'ania. Alisema yeye angependa sana dada aendeshe, kama si usumbufu. Dada ni mimi. Nikaona ananitafutia umaarufu wa bure, nikamwambia asijisumbue, mzee ameshasema.

Tulipokuwa tunaosha vyombo Mama aliniambia wivu unanitoka mpaka puani. Nikamwambia simwonei mtu wivu, nasema habari za umeme.

"Haya," akasema. "Umeme."

Jumapili, 14 Aprili

Nitaandika yote.

Leo ilikuwa mvua ya kutoona mbele. Saa tisa hivi za mchana Mama alinipigia, sikumwelewa kwanza kwa sababu ya kelele za maji juu ya bati. Kisha nikasikia neno "daraja" na neno "lori".

Uchungu ulimshika mdogo wangu ghafla, akiwa kwa wazazi wetu. Mumewe alikuwa kwenye kibanda chake, Jumapili ndiyo siku ya vichwa vingi. Baba hakumpigia mtu. Alimsaidia mwanawe kukaa kiti cha nyuma na Mama pembeni, akawasha Bibi, akaondoka. Taa kubwa, waipa, feni ya kufuta ukungu kiooni, vyote vinanyonya betri, na taa nyekundu inawaka tangu wanatoka getini. Mama alimwambia. Akasema itazimika yenyewe.

Walifika kwenye mteremko wa kuelekea darajani. Waipa zikaanza kwenda polepole, kama mtu anayesinzia. Taa zikawa njano, kisha hudhurungi, kisha hakuna. Injini ikakata. Gari limesimama katikati ya barabara, kijivu ndani ya mvua ya kijivu. Lori likashuka nyuma yao. Mama anasema aliusikia mlio wa breki na akamlalia mwanawe kwa juu, basi, hakufikiri chochote. Lori liliteleza, likapita ubavuni, likang'oa kioo cha pembeni cha Bibi na kusimama mbele kwenye nyasi. Dereva alishuka akiwa analia. Mtu mzima, analia.

Yeye ndiye aliyesimamisha gari jingine, likampeleka mdogo wangu na Mama hospitali.

Nilipofika, Baba alikuwa ndani ya Bibi peke yake, amekaa nyuma ya usukani, mikono juu, kama bado anaendesha. Maji yanaingia kwa mlango wa upande alipotoka Mama, haujafungwa. Nilimwita. Aligeuka upande wa sauti yangu, akaniuliza, "Nani?"

Nikadhani ni mshtuko.

Nikafunga kamba, nikamvuta Bibi hadi gereji. Baba alikaa ndani yake njia nzima, hakutaka kupanda kwangu. Jioni simu imekuja: mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima. Nimelia kwenye sinki la gereji. Halafu nikapata hasira, na hasira hiyo imejua mara moja pa kwenda. Ni yule mtu na bisibisi yake ya mfukoni.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilifungua boneti asubuhi, peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Nilichukua muda mfupi sana. Nyaya mbili zinazotoka kwenye dainamo, moja nene kidogo ya njano, na nyingine nyembamba, ya njano yenye mstari wa kijani, zilikuwa zimebadilishana nafasi kwenye kisanduku. Kule kwenye dainamo huwezi kukosea, vichwa havilingani. Lakini kwenye kisanduku skrubu zote ni sawa, na ule mstari wa kijani umefifia. Ukizigeuza, hakuna chaji, na vidude vya ndani vinaungua. Vilikuwa vimeungua, vyeusi tii.

Sikuzigusa. Niliziacha hivyo hivyo ili zionekane. Nilisubiri.

Walikuja pamoja, Baba na kinyozi, kutoka hospitali. Kinyozi hakuwa amelala, shati limekunjamana, ana tabasamu la mtu aliyepata mtoto. Wateja wawili walikuwepo, na yule dereva wa lori aliyekuja kuulizia hali ya mgonjwa. Sikumpa kinyozi hongera. Nilimshika mkono nikamleta mbele ya boneti, nikamwonyesha nyaya, nikauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani ni nani aliyezifunga hivi.

Alizitazama. Nikaona anavyozitazama: hakuhitaji kuelezwa. Kisha akamtazama Baba haraka, akarudisha macho chini.

"Ni mimi, dada," akasema. "Nimekosea mimi."

Ndipo nikampa vidonge vyake. Nilimwambia nimemwona na macho yangu akichezea skrubu. Nikamwambia gari si kichwa cha mtu, kwamba ukikosea nywele zitaota tena. Nikamwambia ameponea chupuchupu kuwa mgane na baba wa marehemu siku moja. Nilimwambia mengine. Wateja walitazama viatu vyao. Naye alisimama tu, mikono nyuma, anaitikia kwa kichwa. Na niseme kweli, kwa muda ule nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia msimu wote.

"Yeye hakuwepo," Baba akasema.

Sikumsikia, niliendelea.

"Nyamaza," akasema tena. "Hakuwepo. Juzi Jumamosi nilifungua mimi, nikafunga mimi. Ni mimi."

Mvua ilikuwa imepungua. Baba alipapasa mfukoni, akatoa ufunguo wa Bibi, akaunyoosha mbele kuuweka juu ya meza. Ulianguka chini. Meza ilikuwa hatua nzima kutoka mkono wake. Akaondoka kwa miguu, akishika ukuta. Kinyozi akamkimbilia.

Nimebaki na boneti wazi. Nimeshinda, basi.

Ijumaa, 19 Aprili

Baba hajaja gereji. Kiti chake nimekisogeza mara mbili na kukirudisha. Leo nimekwenda hospitali kumwona mtoto. Mdogo wangu alinipa nimpakate, lakini hakunisemesha.

Jumapili, 21 Aprili

Nimekwenda kwenye kibanda cha shemeji. Sijawahi kuingia humo tangu afungue. Ni chumba kidogo chenye kioo kirefu, viti viwili, na harufu ya spiriti. Kila mashine imetundikwa kwa ukubwa wake, nyembe zimepangwa kama vijiko vya wageni. Kwa mtu wa gereji ni aibu, kwangu hupati spana namba kumi bila kupiga magoti.

Alikuwa anamalizia kumnyoa mzee mmoja. Niliketi nikasubiri kama mteja. Alimshika yule mzee kidevu kwa vidole viwili, akamwelekeza kwenye mwanga, uso wake karibu kabisa na uso wa yule mzee. Alipomaliza, akafunga mlango, akageuza kiti kunielekea, nami nikaomba msamaha. Niliuomba kwa maneno machache, maana ningeurefusha ungeharibika.

Akasema yamekwisha. Kisha akanieleza, bila kulazimishwa, kana kwamba amechoka kulibeba peke yake.

Humnyoa Baba kila Jumamosi. Mwishoni mwa mwaka jana aliona kwenye macho yake kitu kama ukungu wa maziwa, katikati ya mboni, jicho la kushoto zaidi. Wiki moja alimwuliza kama ameridhika, akiwa amemshikia kioo kinyume, upande wa mbao. Baba akajitazama kwenye mbao, akasema amependeza sana. Shemeji hakucheka. Ndipo Baba akamwomba asimwambie mtu, na hasa asiniambie mimi.

Kwa hiyo alipoitwa gereji alikuja. Alijifunza zile nyaya usiku kwa usiku kutoka kwenye simu yake, ili kila Baba anapokosea azirudishe mahali pake kabla gari halijatoka. Yale niliyoyaona dirishani ndiyo hayo. Jumamosi ile ya kabla ya ajali hakupata nafasi ya kupita gereji. Na siku ya chakula aliponitaka mimi niendeshe, alikuwa ananiomba, nami nikamkatalia.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambia, dada, ungemwacha aendelee kushika bisibisi?"

Nilitazama nyembe zake. Nisingemwacha. Ningemnyang'anya siku hiyo hiyo, tena kwa mapenzi.

Nilipotoka nilidhani wivu umekwisha. Haukuwa umekwisha, ulikuwa umehamia chumba kingine. Nimekuwa na Baba kila siku ya maisha yangu, nimekaa naye benchi moja, na aliyeyaona macho yake ni mtu aliyekuja mwaka jana. Afadhali ile hali ya kwanza, ilikuwa na mtu wa kumlaumu.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemkuta Baba sebuleni, redio imezimwa. Nikakaa chini, si kwenye kiti. Nilimwambia najua. Hakuuliza nimejuaje.

Tulikaa kimya chetu kile cha zamani. Kisha nikamwuliza kwa nini asingekuja kwangu kwanza, mimi ambaye ningemshikia waya huku macho nimefumba.

Alipapasa redio, asiiwashe.

"Wewe unajua kila kitu," akasema. "Nilihakikisha unajua. Nikikosea mbele yako, unaona. Yule hajui kitu. Mbele yake mimi bado ni fundi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, kwa ukali, hata kwa yeye kuniambia wazi kwamba alitamani mtoto wa kiume. Sikuwa nimejiandaa kuambiwa kwamba ninaogopwa.

Nikamwambia kwamba lori lilipita karibu. Akasema anajua, aliusikia upepo wake. Akasema tangu siku hiyo kila akilala analisikia. Nikamwambia macho ya ukungu yanafanyiwa upasuaji, watu wanaingia asubuhi wanatoka mchana. Akasema akifanyiwa halafu asione, basi. Nikamwambia hata sasa haoni. Hapo akacheka, kidogo, kupitia puani. Nikajihesabia kicheko hicho kama changu.

Alhamisi, 25 Aprili

Amekubali. Mama amekwisha kumpangia siku, kabla hajabadili mawazo.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumemtibu Bibi, watatu.

Nilipata kisanduku kizima kwa fundi mmoja wa magari ya zamani, kile cha kwetu kilikuwa kimeungua. Nilimpigia shemeji, nikampitia Baba nyumbani. Alikataa, kisha akavaa ovaroli. Kiti chake nilikiweka karibu na boneti. Shemeji alishika nyaya na kutaja rangi, nami nikashika bisibisi, na Baba akasema kila waya unakaa wapi, bila kutazama, kwa kumbukumbu tu, skrubu baada ya skrubu. Hakukosea hata moja. Tukauamsha umeme wa dainamo kwa kugusisha waya wa betri mara moja, ile cheche ndogo ya bluu. Nikawasha. Taa nyekundu ikawaka, nikakanyaga mafuta, ikafifia, ikazimika. Nikawasha taa kubwa na waipa na kila kinachonyonya. Haikurudi.

"Mita inasemaje?" Baba akauliza.

Nikamsomea. Aliinua mkono, akampapasa aliye karibu naye, akampiga kofi la mgongoni. Aliye karibu alikuwa shemeji.

"Safi, mwanangu."

Iliniuma. Nilitegemea nitakuwa nimepona, sikuwa nimepona. Shemeji alinitazama juu ya kichwa cha Baba, akafungua mikono kana kwamba anasema afanyeje sasa. Nikacheka kwa nguvu, Baba akauliza tunacheka nini, hatukumwambia.

Jumatano, 8 Mei

Amefanyiwa jicho moja, la kushoto. Bandeji mpaka Ijumaa. Mvua zimekatika, barabara ina vumbi tena.

Ijumaa, 10 Mei

Tulikwenda wote. Mimi ndiye niliyeendesha Bibi, Baba kiti cha mbele, na nyuma Mama, mdogo wangu, shemeji na mtoto, wamebanana.

Muuguzi alimkalisha karibu na dirisha, akafungua bandeji taratibu. Baba alifumba jicho, akafumbua, akafumba. Machozi yalimtoka, muuguzi akasema ni kawaida. Mtu wa kwanza kusimama mbele yake nilikuwa mimi, kwa bahati tu, kwa kuwa nilikuwa nimeshika mfuko wa dawa.

Alinitazama. Nilianza kusema kitu, akainua kidole ninyamaze.

"Una mvi," akasema.

Nikamwambia ninazo, ndiyo.

"Tangu lini?"

Nikamwambia ni muda sasa. Aliniambia niiname. Akazigusa hapa pembeni, juu ya sikio, akashuka na kidole hadi kwenye kovu la kidevuni ambalo nililipata mwaka juzi, jeki ilipoteleza, akauliza hili nalo limetoka wapi. Nikamweleza. Akauliza nani aliniuguza. Nikamwambia nilijifunga mwenyewe nikaendelea na kazi. Aliendelea kuutazama uso wangu kipande kwa kipande, kama gari lililoletwa likiwa limekaa mahali kwa miaka na mtu anataka kujua lina nini na lini lilipata nini.

Shemeji akasogea na mtoto, amemfunua uso tayari, ili babu yake amwone kwa mara ya kwanza.

"Subiri kidogo, mwanangu," Baba akasema, bila kugeuza kichwa. "Bado namtazama huyu."

Mtoto wa wiki nne alisubiri. Nilipaswa kuona haya, kumzuilia mtoto mchanga zamu yake. Nilisogea karibu zaidi na dirisha, kwenye mwanga.